Kutoka Likoni mpaka Vanga bila haraka: tulale wapi, tupite wapi?

mtoto_wa_kuze

Asalam aleikum wadau, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wanaoijua pwani ya kusini kwa kuishi, si kwa kusikia. Likizo yangu naipata mwisho wa mwezi wa kwanza na safari hii sitaki ndege wala treni ya SGR, nataka kuvuka feri na mkoba wangu niende polepole mpaka Vanga kule mpakani na Tanzania, nilale vijijini, nile kinacholiwa, na nikiondoka mahali niwe nshazoeana na watu wake. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale na Wasini nimefika kama wengi wetu tulivyofika, yaani unachukuliwa asubuhi na basi, watiwa kwenye boti, waangalia pomboo, waogelea Kisite kwenye hifadhi ya bahari, mwala kaa, kisha saa tisa mwarudishwa mbio, na ukiulizwa kisiwani kunaishi watu gani huna la kujibu. Hilo limenikaa moyoni siku nyingi manake hawa si watu wa mbali, bibi mzaa baba alitoka Vanga akaolewa huku, na mimi hata pa kuanzia kuwauliza jamaa zake sipajui.

Orodha yangu mpaka sasa: Tiwi, Msikiti wa Kongo, Kaya Kinondo, Gazi, Msambweni, Funzi, Shimoni, Wasini, Mkwiro, Kibuyuni, Vanga, Jimbo, na nikirudi nipande Kwale nione Shimba Hills. Nilikuwa nawaza usiku mmoja kila mahali. Ntakuwa na mamangu, mtu mzima ana nguvu zake lakini magoti humsumbua hasa kupanda na kushuka boti, na hatuna gari, twategemea matatu na boda. Je hii inawezekana? Na kulala huko ni gesti ama mtu huingia nyumba za watu? Msinielekeze hoteli za Diani tafadhali, hizo nazijua.

mdigo_halisi

Waaleikum salaam dada, karibu ng'ambo. Nimefurahi kuona mtu wa Mombasa anauliza hivi, wengi wenu mkivuka feri mwaishia Ukunda.

Ntakwambia la kwanza kwa upendo: hiyo orodha ikate. Usiku mmoja kila mahali maana yake mwafika alasiri, mwaoga, mwala, mwalala, asubuhi mko steji tena na mama na mikoba. Watu wa vijijini siku ya kwanza hukusalimia tu na kukutazama, siku ya pili ndo mtu akuuliza wewe mtoto wa nani, na ya tatu ndo waitwa jikoni. Sasa wewe siku ya pili ushaondoka, utajuana na nani? Mimi ningechagua vituo vinne basi, Kinondo, Gazi, Wasini na Vanga, na hayo mengine ama uyapite njiani ama uyatembelee mchana ukirudi kulala palepale ulipo.

Usafiri ni rahisi kuliko unavyodhani. Feri mtembea kwa miguu halipi, wewe epuka tu zile saa za watu kwenda na kutoka kazini manake mama atasukumwa. Ukishuka upande wa Likoni matatu za Ukunda zajaa upesi, na zipo zinazokwenda moja kwa moja mpaka Lunga Lunga, hizo ndo zako baadaye. Mwambie makanga mapema unashuka wapi. Wa Gazi hushuka njia panda akaingia na boda, wa Shimoni hushuka Kanana halafu kutoka pale ni kilomita kama 14 mpaka baharini. Wenye magari siku hizi wapita Dongo Kundu hawaioni feri kabisa, lakini bila gari njia ni ileile ya zamani.

Msikiti wa Kongo nenda jioni baada ya alasiri. Uko pale mto Mwachema unapoingia baharini, umezungukwa na mibuyu mikubwa, ni wa karne ya 14 ama 15 na mpaka leo watu waswali ndani, kwa hiyo ukifika wakuta msikiti, si gofu. Uliza kabla ya kuingia, jifunike vizuri, keti chini ya mbuyu uangalie mto ukichanganyika na bahari. Watu waja pale wakapiga picha dakika kumi wakaondoka nami huona hasara.

Kaya Kinondo nayo usiende kama waenda bustani. Ni msitu wa wazee wetu, kama hekta 30 hivi, na ni moja kati ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Utapokewa na mwongozaji wa kijijini, utafungwa kaniki kiunoni, utaambiwa miiko yake: hutoi kitu, hata jani kavu, hata jiwe, humo mtu hapigi kelele wala hashikani shikani. Sisi Wadigo twajua pwani yote hii ya Diani ilikuwa msitu, leo ni hoteli na maduka, na vipande vingi vilivyosalia vimesalia kwa sababu ya kaya na ile hofu ya wazee. Mzee akikueleza mti huu watibu nini na ule watibu nini msikilize mpaka amalize, usimkatize na simu.

Mama aweza kuingia, njia ni tambarare, ila avae viatu vya kufunika, mizizi na matumbawe yamechomoza.

mwalimu_mstaafu

Mwanangu mtoto wa Kuze, mimi nitasema juu ya Gazi peke yake kwa sababu naona watu huipita na ingekuwa amri yangu ungekaa hapo kuliko pote.

Wewe ni mtu wa Mji wa Kale kwa hiyo Mazrui wawajua. Waliitawala Mombasa mpaka 1837 Seyyid Said alipowatoa Fort Jesus. Walipotoka wakagawanyika, wengine wakaenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine wakashuka kusini wakakaa Gazi. Huyu wa Gazi aliyejulikana zaidi ni Sheikh Mbaruk bin Rashid. Mwaka 1895 Waingereza walipojiingiza kuamua nani arithi Takaungu, vita vikazuka, Mbaruk akaingia, wakapigana naye pwani na bara mpaka ngome yake ya Mwele kule juu ikavunjwa, naye mwaka 1896 akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam 1910. Nyumba yake ya Gazi ikaja ikafanywa shule. Mimi nimesomesha historia miaka mingi na watoto wa Mombasa waijua vita ya Majimaji kwa tarehe lakini hii iliyopiganwa mlangoni kwao hawaijui, na jambo hili linanisikitisha mpaka leo. Kwa hiyo usifike Gazi ukaiona ni kijiji cha wavuvi tu. Tembea, uliza nyumba ya Sheikh iko wapi, wazee watakuonyesha na wao wana ya kwao ya kuongeza ambayo hayamo vitabuni.

Jambo la pili la Gazi ni mikoko. Ghuba yote ile imezungukwa. Zamani boriti na pau zilizojenga nyumba zenu za Mji wa Kale zilitoka kwenye misitu ya namna hii, na ukataji ukazidi, hata palikuwa na sehemu zimebaki uwanda mtupu wa matope. Wakaanza kupanda tena. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117, na ile hewa chafu ya kaboni inayozuiliwa na mikoko inauzwa kwa watu wa nje kwa hesabu maalumu, pesa zinarudi kijijini zikafanya maji ya bomba na mambo ya shule. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa mikoko ulioendeshwa na wanakijiji kwa mtindo huo, nao uko saa moja na kitu kutoka kwako.

Akina mama wa Gazi wana daraja la mbao ndani ya mikoko, utapita humo na mama yako bila kukanyaga tope, na mmoja wao atakwenda nanyi akiwatajia mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi, kila mmoja unamea wapi na unafaa kazi gani. Mkomafi seremala wa mashua waujua. Mwambie asiende haraka. Chakula wanapika wao wenyewe ila uwaambie tangu asubuhi, samaki anunuliwe boti zikirudi, usifike saa saba ukataka sahani saa saba. Na pesa ile yaingia mkononi mwao moja kwa moja.

Kulala hapo ni kwa watu zaidi kuliko gesti. Uliza kwa hao hao akina mama.

mkilifi_damu

Mimi ntatoka nje ya mada kidogo mnisamehe, lakini kwa mtu aliye na mama mwenye magoti mabovu kwa nini asiende kaskazini? Mwalimu amegusa Takaungu hapo juu na nimeshukuru manake hapatajwi. Takaungu ni mji mdogo juu ya hori, kimya kabisa, nyumba za kale na makaburi ya Mazrui, kabla ya kufika Kilifi, na hapana boti ya kupanda kama hutaki. Kilifi mwenyewe una magofu ya Mnarani pale juu ya hori karibu na daraja, hilo daraja lililofunguliwa 1991, kabla yake watu walivuka kwa feri kama nyinyi. Kisha Gede. Gede usiseme nishaenda na shule. Tulienda na shule tukapiga kelele tukarudi. Mji ule ulianza karne ya 12 ukahamwa karne ya 17, kuna kaburi limechorwa mwaka 802 wa Hijra ambao ni 1399, kuna visima, vyoo, nyumba zenye vyumba vya kuwekea mali, na mwaka 2024 UNESCO wameutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nenda wanapofungua asubuhi, mko peke yenu na kima na mibuyu, ukitoka hapo una msitu wa Arabuko Sokoke ubavuni na ule mradi wa vipepeo wa Kipepeo ambao wanakijiji wafuga viwavi wakauza.

Pote huko matatu ya Malindi yapita barabarani.

mtoto_wa_kuze

Mwalimu nimesoma maneno yako nikampa mamangu simu asome mwenyewe, amekaa akanyamaza kisha akasema babake alikuwa akitaja jina la Mbaruk akikasirika wakiwa watoto nao hawakujua ni nani. Kwa hiyo Gazi imeshaingia kwenye safari, asante sana.

@mkilifi_damu wazo zuri na Takaungu nimeiandika lakini roho yangu safari hii iko kusini kwa sababu ya bibi. Kaskazini haihami inshallah.

Sasa hofu yangu ni Wasini na boti. Je mama atawezaje?

binti_wa_mkwiro

Salaam dada. Mimi mzaliwa wa Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa cha Wasini, sai nafanya kazi Likoni lakini nyumbani nakwenda kila nikipata nafasi. Umesema kweli kuhusu zile boti za asubuhi. Wageni wafika, wala, waondoka, na ikishafika alasiri boti ya mwisho ya watalii ikitoka kisiwa charudi kuwa chetu, wanawake watoka barazani, watoto wacheza, wavuvi washona nyavu, na hakuna gari hata moja kwa hiyo wasikia mtu akisalimiana upande wa pili wa mji. Ukitaka kutujua lala. Hilo ndilo langu kubwa.

Kuhusu mama. Pale Shimoni kuna gati, kushuka ngazi kuingia kwenye boti si kazi ngumu maji yakiwa yamejaa. Shida ni maji yakikupwa, boti yasimama mbali na ngazi zinakuwa ndefu na zina utelezi, na upande wa kisiwani waweza kulazimika kushuka kwenye maji. Kwa hiyo usiulize boti yatoka saa ngapi, uliza maji yajaa saa ngapi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwetu maji hukupwa sana saa nne saa tano asubuhi na kujaa alasiri kama saa kumi. Siku za maji mafu mambo hubadilika na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Wewe angalia mwezi kabla ya kutoka Mombasa, panga kuvuka na maji yaliyojaa, mama atapita bila tabu. Na mpande boti ya abiria ile ya wenyeji wanaotoka sokoni na magunia, mtulie, mngoje ijaze. Hizo za kukodi zina bei yake na mtavuka bila kuzungumza na mtu.

Mwezi wa kwanza ni kaskazi, bahari huwa nzuri na mvua hakuna, umechagua vizuri. Wanaokuja wakati wa kusi mwezi wa sita wa saba huona mkondo wetu una nguvu gani. Na Ramadhani ukiwahi kabla itakuwa afadhali kwako kama mwataka kula mchana.

Wasini mjini kuna bustani ya matumbawe, mawe ya kale yaliyochongwa na bahari yakabaki juu, na akina mama wamejenga daraja la mbao juu yake. Ile hutunzwa na kikundi cha wanawake wa Wasini na kiingilio ndicho kimesaidia mengi ya kisiwa. Nenda mara mbili kama waweza, mara moja maji yamekupwa na mara moja siku ya bamvua maji yakiingia chini ya daraja, ni mahali pawili tofauti. Kuna magofu na kaburi la mnara lenye alama za vyombo vya Kichina vilivyotiwa ukutani. Wazee wa Wasini ni Wavumba, na lafudhi yao mama yako itamfurahisha, ina maneno ambayo Mombasa yameshatoka mdomoni mwa vijana.

Maji ya kisiwani yana taabu yake. Visima vitamu hatuna, tangu mababu twakinga mvua kwenye majabia, kwa hiyo ukiwa mgeni kwa mtu oga kwa kata, usimwage. Hilo nalisema kwa msisitizo manake kuna wageni hujimwagia ndoo mbili mara tatu kwa siku na mwenyeji hawezi kusema kwa haya.

Kutoka Wasini mpaka Mkwiro kuna njia ya miguu ya kichakani, kijana huchukua saa moja na zaidi, mawe mengi. Mama apande boti, wewe tembea ukitaka.

Upande wa Shimoni, pango la watumwa usilipite haraka. Watu walifungwa humo wakingoja kusafirishwa, na sisi wa pwani hii wengine babu zetu walikuwa wauzaji na wengine walikuwa wanaouzwa, hakuna wa kujitoa. Wanaolisimamia ni watu wa kijiji na mapato yamesaidia shule na zahanati. Nje kuna magofu ya majengo ya wakati ule kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipoweka kituo pale. Ukitoka pangoni kaa kidogo ufukweni kabla ya kwenda kwingine, mama ataihitaji.

Kibuyuni iko karibu tu, nenda siku ya bamvua asubuhi maji yakitoka, utawakuta akina mama kwenye kamba zao za mwani, wanafunga, wanavuna, mgongo umeinama saa nzima. Wakikuruhusu funga mafundo nao kidogo, halafu nunua sabuni yao.

Kulala Shimoni zipo banda za KWS, lile shirika la wanyamapori. Kisiwani kuna nyumba za wageni chache na watu hupokea wageni majumbani.

fundi_majahazi

Nyongeza fupi. Pesa toa Ukunda, mbele ya hapo usitegemee mashine, M-Pesa yafanya kazi lakini mvuvi wa asubuhi ataka noti ndogo. Picha za wanawake na watoto omba kwanza. Kisite ukitaka kwenda lipa ya KWS kwa eCitizen usimpe mtu pesa ya kiingilio mkononi ufukweni. Na ukiona watu watengeneza mashua mahali popote, Gazi, Shimoni, Vanga, simama. Fundi hapendi kusumbuliwa lakini hupenda mtu anayekaa kimya akitazama, baada ya muda ataanza mwenyewe kukwambia ubao huu ni wa mti gani na kalafati yatiwa vipi kati ya mbao. Sisi tuliojifunza kazi hii tulijifunza hivo hivo, na waliobaki kuijua hawako wengi.

mtoto_wa_kuze

Jamani sijui niwashukuru vipi. Nimekaa na mama jana usiku tukaifuta orodha yote tukaanza upya. Sai iko hivi: twavuka, twakaa upande wa Kinondo tuone kaya na Msikiti wa Kongo, halafu Gazi tukae kwa kutulia, halafu Shimoni tungoje maji tuvuke Wasini, Kibuyuni tukirudi, na mwisho Vanga. Funzi, Msambweni, Jimbo na Shimba Hills tumeyatoa. Mama ameuliza kama kutoka Shimoni twaweza kwenda Vanga kwa bahari maana bibi alikuwa akisimulia alikuja Mombasa kwa jahazi.

Na je kuna mtu wa Vanga humu? Jina la ukoo wa bibi ninalo, mtaa sina.

mvumba_wa_vanga

Mtu wa Vanga yupo. Waaleikum salaam na umekaribia nyumbani.

Kwa bahari yawezekana, boti za wavuvi hupita, na kaskazi ndo wakati wake, lakini na mama mwenye magoti mimi singekushauri. Boti ndogo, jua kali, na kwetu kuingia ni kwa njia za maji kati ya mikoko, maji yakikupwa mwakwama kwenye tope mpaka yarudi, hiyo yaweza kuwa saa nyingi. Rudini Kanana, pandeni matatu ya Lunga Lunga, kisha kutoka Lunga Lunga kuna gari na boda za kushuka Vanga. Kama mama ataka kuonja bahari ya bibi, akishafika tutamtafutia nahodha mzee amzungushe ghubani maji yamejaa, asubuhi moja tu, bila safari.

Chukueni vitambulisho wote wawili, mama pia. Ni njia ya mpakani, kuna vizuizi vya polisi na wanauliza, mtu asiye na kitambulisho hupoteza muda wake wote hapo.

Vanga si pazuri kwa maana ya watalii, nakwambia mapema usije ukavunjika moyo. Ni mji wa wavuvi kwenye uwanda wa chini, mto Umba ukifurika masika nyumba zaingia maji, watu wahama wakarudi wakajenga tena. Mikoko yetu imetuzunguka pande zote na tangu 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu tuna mradi wetu wa kuilinda na kuuza hewa, Vanga Blue Forest, kwa kuiga ndugu zetu wa Gazi. Vumba Kuu, mji wa kale wa mababu zetu uliokuwa ukitawaliwa na Madiwani, ndivyo walivyoitwa watawala wake, uko upande huu huu, kilichobaki ni kuta chache na makaburi kichakani, mtu asiyepajua hupita asione kitu. Nenda na mzee. Ukiangalia kusini ng'ambo ya mpaka ni Jasini, Waingereza na Wajerumani waliuana pale Januari 1915, na wazee wana habari za familia zilizokimbia siku zile, huenda na za kwenu zimo.

Sasa la bibi. Jina la ukoo litume kwa ujumbe wa ndani usiliweke hapa hadharani, ongeza jina la babake bibi kama mama alikumbuka na kama alikuwa na jina la utani, manake huku watu hujulikana kwa hayo zaidi ya ukoo. Ntalipeleka kwa bibi zangu wawili walio hai, wao wajua nani aliolewa wapi kuanzia Wasini mpaka Moa. Wakipata kitu ntakwambia kabla hamjatoka Mombasa mje mkiwa na mlango wa kubisha. Wasipopata njooni vilevile, mje mkae siku za kutosha, siku ya Ijumaa msikose, baada ya swala watu wote wako mjini na mama akiketi na wanawake barazani akisema mimi natafuta jamaa za fulani, swali lile litazunguka mji mzima kabla ya magharibi.

Gesti iko ya kawaida. Lakini mkinijulisha siku mnayofika mtalala kwetu, chumba cha uani kina kitanda cha chini mama hatapata tabu, na vua ya siku hiyo tutaila pamoja.

mtoto_wa_kuze

Nimekutumia ujumbe sai. Mama ameandika kwa mkono wake majina aliyoyakumbuka nikayapiga picha, yapo manne na jina la utani la babake bibi lipo.